Haidroliki ya gia boksi otomatiki: ibadilishwe au iachwe ilivyo? Dyna yangu ina km 240,000

#1 Mchuuzi wa Isyonje
Wakuu salaam. Moja kwa moja kwenye mada.

Nina Toyota Dyna ya tani 3, dizeli, otomatiki. Dashibodi inasoma km 240,000 na ushee. Kazi yake ni viazi: napakia Isyonje, nashusha Soweto hapa Mbeya mjini, na bei ikiwa nzuri nateremka nayo hadi Dar. Kurudi nabeba bidhaa za madukani. Kwa hiyo mlima Kitonga naujua kwa kupanda na kwa kushuka.

Haidroliki ya gia boksi, yaani oili yake, sijui ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na aliyeniuzia naye hajui. Wiki hii fundi mmoja alichomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa, akasema hii imeungua, ibadilishe. Nikaenda kwa fundi wa pili, mtu mzima, akaniambia usithubutu, ukiimwaga tu hiyo gari haitoki hapo ilipo.

Na huyo mzee ana mifano. Jirani yangu alikuwa na Dyna hii hii. Ilimzimikia Ruaha Mbuyuni, ikavutwa mpaka Iringa mjini, wakatengeneza injini na hapo hapo wakabadilisha na haidroliki. Haikumaliza wiki, gia boksi ikafa. Mwingine wa Uyole ana pikapu, ilikuwa inachelewa kushika gia. Wakamwaga oili ya zamani wakaweka mpya, kesho yake rivasi hakuna.

Swali langu: kwa nini zinakufa baada ya kubadilishwa oili? Na mimi nifanyeje?

#2 Utingo Mstaafu
Nimekaa juu ya tela nasubiri wenye gereji.

#3 Fundi Karai
Huyo mzee msikilize. Mimi niko gereji Mwanjelwa na gia boksi za namna hiyo nimezishusha nyingi.

Ndani kuna klachi pleti zilizobandikwa utando wa msuguano. Zikichakaa, ule unga wake unaelea ndani ya oili, na oili ikishakuwa nzito na chafu ndiyo inazisaidia pleti zilizobaki zishike. Ukimimina oili mpya, nyepesi, yenye sabuni ndani yake, pleti zinateleza. Hakuna uchawi hapo. Ikishapita laki mbili bila kuguswa, mwachie Mungu.

#4 Hesabu Tu
Fundi Karai heshima kwako, lakini hapo sikubaliani nawe. Unga uliobanduka kwenye pleti hauwezi kurudi kufanya kazi ya pleti. Kinachobana pleti ni presha ya oili inayosukuma pistoni, na presha inataka oili safi na valvu zinazocheza bila kukwama.

Angalia mfano wa pili wa mleta mada. Pikapu ya Uyole "ilikuwa inachelewa kushika gia". Yaani ilikuwa imeshaharibika kabla ya kumwagwa oili. Watu wengi hawaigusi haidroliki mpaka gari ianze kusumbua. Wakibadilisha, gari inaendelea na safari yake ya kufa, lawama inaishia kwenye oili mpya.

#5 Bi Ndizi
Ugonile wandugu. Mimi nina Dyna otomatiki inabeba ndizi kutoka Kiwira. Nilipoinunua ilikuwa imeshapita laki mbili, nikabadilisha, na tangu hapo kila km 40,000 naimwaga. Inaenda mpaka leo.

Mara ya kwanza nilisimama pale pale fundi akiwa chini ya gari, maana wanawake tunaambiwa "nimeshabadilisha mama" wakati hawajafungua hata nati. Sampu, lile karai la oili chini ya gia boksi, iliposhuka nilitaka nione sumaku. Zinakaa chini ya sampu, vidude vidogo vyeusi. Zilikuwa zimevaa tope la kijivu, laini, ukilisugua kati ya vidole hulihisi kukwaruza. Fundi akaniambia hilo ni la kawaida, ni chuma kilichosagika taratibu. Ukikuta vipande vinavyomeremeta au vinavyochoma kidole, hapo ndipo uanze kulia.

Sasa Fundi Karai atuambie yangu ilinusurikaje.

#6 Fundi Karai
Bi Ndizi, bahati ipo duniani.

#7 Kitonga Usiku
Mnahangaika sana na hivyo vigari. Sisi tunaokwenda Lubumbashi na Scania otomatiki hatujui habari ya haidroliki nyekundu wala kunusa kijiti. Gari inafika muda wa huduma, wanaweka oili ya gia boksi ya kawaida, maisha yanaendelea. Otomatiki ikiwa nzuri haina maneno.

#8 Nakonde Moja kwa Moja
Kitonga Usiku ndugu yangu, unaendesha kitu usichokijua. Opticruise ya Scania si otomatiki ya Dyna. Ile ni gia boksi ya kubadilisha kwa mkono ya kawaida kabisa, ina klachi kavu ya kawaida, ila kompyuta na hewa ndivyo vinavyokanyaga klachi na kubadilisha gia badala ya mguu na mkono wako. Ndiyo maana za zamani zilikuwa bado na pedeli ya klachi ya kuondokea. I-Shift ya Volvo, iliyoanza 2001, ni mtindo huo huo. Haina tokonveta, haina pleti zinazoogelea kwenye haidroliki. Inatumia oili yake na muda wake.

Dyna ya mleta mada ina tokonveta. Injini haijafungwa moja kwa moja na gia. Kati yake kuna oili inayosukumwa na pangaboi moja ili izungushe jingine. Oili hiyo hiyo inabana pleti, inalainisha gia na kubeba joto. Kazi nne kwa kimiminika kimoja. Huwezi kuilinganisha na ya kwako.

#9 Kitonga Usiku
Sawa profesa. Mshahara wangu lakini unakuja vile vile.

#10 Mbao Mafinga
😂😂

#11 Mjukuu wa Mkwawa
Kamwene. Mimi naona mnazunguka mbuyu. Kinachoua hizi gia boksi huku kwetu ni joto, na joto linatoka Kitonga.

Tokonveta inapoteleza, yaani injini inazunguka kuliko gia, tofauti ile yote inageuka joto ndani ya oili. Barabara ya tambarare ukishika mwendo, kuna klachi ndani ya tokonveta inafunga, utelezi unakwisha na oili inapoa. Sasa panda Kitonga na mzigo nyuma ya semi inayotambaa. Mwendo ni mdogo, ile klachi haifungi, na ukiacha kwenye D gia inahangaika kati ya ya pili na ya tatu. Oili inachemka wakati kipimo cha maji kimetulia na wewe unaimba.

Kuna kanuni ya zamani ya mafundi: oili ikifanya kazi karibu nyuzi 80 inaweza kukupeleka km 160,000. Kila ukiongeza nyuzi kama 11, umri wake unagawanywa kwa mbili. Nyuzi 90, km 80,000. Nyuzi 102, km 40,000. Fanya mwenyewe hesabu ya 113.

Ukipanda, zima kile kitufe cha gia ya juu, shusha mkono kwenye 2, uache ipande kwa gia moja.

#12 Hesabu Tu
Nyongeza kidogo kwa Mjukuu. Kanuni hiyo ilitungwa kwa oili za zamani za madini. Oili za sasa za sintetiki zinavumilia joto zaidi, kwa hiyo usiichukue kuwa amri. Ila mwelekeo ni ule ule, joto linakula oili.

#13 Baridi ya Makete
Na hapo mmesahau rejeta. Oili ya gia boksi inapoozwa ndani ya tangi la chini la rejeta. Kuna bomba limezama humo, oili ndani, maji nje. Huku kwetu watu wanajaza maji ya mtoni miaka nenda rudi, hakuna kuleni (dawa ya rejeta inayozuia kutu), kutu inatafuna lile bomba. Likitoboka, maji yanaingia kwenye gia boksi. Ukichomoa kijiti unakuta oili ya waridi, nzito, ina povu. Maji yanayeyusha gundi inayoshika utando wa pleti, utando unabanduka kwenye chuma. Hapo hata ukibadilisha oili mara kumi, pleti zimeshakwenda.

Halafu kingine. Mbeya mjini tuko juu, mita kama 1,700. Maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaoshika presha yasichemke mapema. Mfuniko ukifa, maji yanachemka, na gia boksi inayotegemea maji hayo hayo inaungua pamoja nayo. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, lakini hakuna anayeununua mpaka aone moshi.

#14 Mchuuzi wa Isyonje
Asanteni wakuu. Yangu si ya waridi. Ni kahawia iliyokolea, ukiiweka kwenye karatasi nyeupe pembeni inabaki na wekundu kidogo. Harufu ipo lakini si ya kukimbiza mtu. Rivasi asubuhi inachelewa, gari ikipata moto inashika vizuri. Fundi Karai, hiyo nayo ni ya kuachwa?

#15 Fundi Karai
Rivasi inachelewa asubuhi na unataka kuichokoza? Mimi nimeshasema yangu.

#16 Mzee wa Propela
Habari zenu vijana. Nimesoma tangu mwanzo na hakuna aliyesimama pale pa kusimama. Mleta mada kasema Dyna ya jirani ILIVUTWA kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka Iringa. Ilivutwaje? Propela, ile shafti inayotoka gia boksi kwenda matairi ya nyuma, ilifunguliwa?

Pampu ya haidroliki kwenye otomatiki inazungushwa na injini. Injini ikizima, pampu imesimama. Ukiivuta gari matairi ya nyuma yakiwa chini, propela inazungusha gia na pleti za ndani bila tone la oili linalosukumwa. Kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa mjini, tena unaipandisha Kitonga nzima! Ile gia boksi iliungua juu ya kamba. Oili mpya iliikuta maiti.

Otomatiki inavutwa propela ikiwa imefunguliwa, au matairi ya nyuma yakiwa hewani, au inapandishwa juu ya gari jingine. Na ndiyo sababu hiyo hiyo huwezi kuisukuma iwake.

#17 Mchuuzi wa Isyonje
Mzee shikamoo. Nimempigia jirani sasa hivi. Anasema walifunga na mnyororo nyuma ya fuso, propela haikuguswa. Fundi wa Iringa hakumuuliza chochote.

#18 Mzee wa Propela
Marahaba. Basi.

#19 Utingo Mstaafu
Kesi moja imefungwa. Bado pikapu ya Uyole.

#20 Fundi Karai
Haijafungwa. Mnafungaje kesi hamjaona gia boksi yenyewe imefunguliwa? Huenda ilivutwa na bado ilikuwa nzima. Na pikapu ya Uyole haikuvutwa na mtu, ilikufa usiku mmoja baada ya oili mpya. Mtaniambia nini hapo?

Nawaambieni tena. Oili mpya ina sabuni. Inaubandua uchafu uliokuwa umeganda kwenye kuta, uchafu unaingia kwenye valvu bodi, mle njia ni nyembamba sana. Ni sawa na kukwangua bomba la maji la zamani, kutu iliyokuwa imetulia ndiyo inakwenda kuziba mbele.

#21 Bi Ndizi
Fundi, post namba 3 ulisema pleti zinateleza kwa sababu unga umetoka. Sasa ni uchafu umeziba. Chagua moja kaka yangu 😄

#22 Fundi Karai
Zote mbili zinatokea, dada. Gari si mtihani wa kuchagua A au B.

#23 Kobe wa Mlima Nyoka
Mimi nitatoa sababu mbili ambazo hazijasemwa, na zote ni za fundi, si za oili.

Ya kwanza, silikoni. Fundi anashusha sampu, gasketi imechanika, hana nyingine, anapaka silikoni mkono mzima. Akikaza nati inaminyika kwa ndani, inakauka, inakatika vipande, pampu inavivuta mpaka kwenye chujio. Chujio likiziba, presha inashuka, na rivasi huwa ya kwanza kulalamika maana inahitaji presha kubwa.

Ya pili, kipimo. Wengi wanapima oili ya gia boksi injini imezimwa na ya baridi, wanavyopima ya injini. Injini ikizima, oili ya kwenye mapito na ya kwenye paipu za kupoozea inashuka kwenye sampu, kijiti kinasoma nyingi kuliko ilivyo. Fundi anaona imejaa, anaacha. Ukiwasha, pampu inakuta sampu nusu, inavuta hewa. Kuna wanaokosea upande wa pili, wanajaza mpaka gia zinaikoroga, inatoa povu, na povu halibani pleti.

Kwa Toyota yenye kijiti: endesha mpaka ipate moto, simama tambarare, injini ikiwa inanguruma pitisha mkono gia zote taratibu urudi P, halafu chomoa, futa, rudisha, chomoa usome upande wa moto. Tambarare nimesema. Isyonje usijaribu, utapima mlima.

#24 Mbao Mafinga
Kobe umemaliza. Ila Honda nyingi zinapimwa zikishapata moto halafu UNAZIMA injini ndipo unachomoa. Kwa hiyo asije mwenye Honda akakufuata.

#25 Kobe wa Mlima Nyoka
Kweli kabisa, shukrani.

#26 Sokoni Soweto
Na hakuna anayetaja oili yenyewe ni ipi. Dukani unaambiwa "haidroliki nyekundu, inaingia gari zote". Hakuna kitu hicho. Toyota wana T-IV, halafu wakaja na WS ambayo ni nyepesi zaidi, na wenyewe wanasema WS na T-IV zisibadilishane. Nissan wana zao, Mitsubishi wana SP-III, zote ni nyekundu. Rangi ni ya kukusaidia kujua imevuja kutoka wapi, haikuambii sifa zake.

Dexron III ndiyo imejaa madukani. GM (General Motors wa Marekani), wenye jina hilo, walileta Dexron VI mwaka 2005 wakaacha kutoa leseni ya III. Kopo jipya linaloandika Dexron III leo ni neno la mtengenezaji tu, hakuna GM aliyelikagua. Linaweza kuwa zuri, linaweza kuwa rangi na mafuta ya cherehani.

Mchuuzi, kijiti cha Dyna yako kimeandikwa nini?

#27 Mchuuzi wa Isyonje
Nimekisugua na petroli ndipo yakaonekana. T-IV.

#28 Sokoni Soweto
Basi weka T-IV, usikubali "inafanana nayo". Bei ya galoni la lita 4 inategemea duka. Kopo angalia mhuri, na likishaisha litoboe, usiliache gereji likajazwe.

#29 Tanboi Jeuri
Nunua galoni 3, fanya hivi: mwaga, jaza, endesha siku mbili tatu. Rudia mara tatu. Kila ukimwaga inatoka karibu asilimia 40, kwa hiyo mara tatu ni asilimia 120, oili yote imekuwa mpya na chenji juu.

#30 Hesabu Tu
Asilimia 120! Mwalimu wako wa hesabu yuko hai? 😂

Kinachotoka kwenye nati ya chini ni ya kwenye sampu tu. Nyingine inabaki kwenye tokonveta na kwenye mapito. Tuseme gia boksi inabeba lita 10 na zinatoka 4. Ukijaza mara ya kwanza mpya ni asilimia 40. Mara ya pili unamwaga lita 4 ambazo tayari zimechanganyika, kwa hiyo unafika 64. Ya tatu, 78. Hufiki 100 hata ukirudia hadi Pasaka. Lakini 78 inatosha, na kwa mwenye wasiwasi wa Fundi Karai ndiyo njia ya upole, maana sabuni inaingia kidogo kidogo.

Kuna wanaofungua paipu ya kurudi kutoka kwenye rejeta, wanawasha injini, pampu ya gari yenyewe inasukuma ya zamani nje huku mmoja anajaza mpya kwa mwendo ule ule. Hiyo inatoa karibu yote. Mashine zile za kusafisha kwa presha mimi sizipendi kwa gari yenye historia isiyojulikana.

#31 Tanboi Jeuri
Hesabu nimeelewa. Matusi nimeyasamehe.

#32 Kitonga Usiku
Swali la kizushi. Kushuka Kitonga nikiwa na hizo otomatiki ndogo, nikiweka N gari ikateleza yenyewe, si oili inapumzika?

#33 Mzee wa Propela
Wewe unaendesha semi kweli? Nipe namba ya gari nisiwe barabarani siku hiyo.

Ukiweka N mteremkoni umeiondoa injini isikusaidie kushika gari, mzigo wote umeupa breki. Breki zikipata moto hazishiki, na Kitonga ina makaburi ya kutosha. Gia boksi nayo haipumziki: propela inazungusha vitu kwa kasi kubwa wakati pampu inasukuma oili kidogo tu kwa kuwa injini iko sailensa. Shuka kwa 2 au L tangu juu, kabla mwendo haujakolea, na egzosi breki kama ipo. Usisubiri mpaka unusie.

#34 Mzani Usiolala
Nyie wote mmekwepa ukweli mmoja. Gari ya tani 3, mmiliki anapakia viazi. Viazi vya Isyonje. LUMBESA. Gunia lina kofia juu ya kofia, mtu anahesabu magunia 30 ya kilo mia, mzani ungesoma kingine kabisa. Halafu anakuja huku kuuliza gia boksi imechoka kwa nini. Oili haina kosa, wala fundi hana kosa.

#35 Mchuuzi wa Isyonje
Mzani, lumbesa anapenda mnunuzi wa Dar, mkulima na mimi tunaumia. Na mzani wa Wenda na wa Makambako napita bila kusimamishwa pembeni.

#36 Mzani Usiolala
Kwenye barabara ya Isyonje hadi Soweto kuna mzani gani?

#37 Bi Ndizi
Hapo kanyamaza 😂😂 Ndizi hazina lumbesa, mkungu ni mkungu.

#38 Elfu Moja Elf
Niongezee na langu. Nina Isuzu Elf, kwenye mlango imebandikwa Smoother. Haina pedeli ya klachi. Nibadilishe T-IV na mimi?

#39 Nakonde Moja kwa Moja
Usiweke T-IV kabla hujasoma kitabu. Smoother nayo ni gia boksi ya kawaida inayobadilishwa na kompyuta, ila Isuzu waliweka kifaa cha oili kati ya injini na klachi ili iondoke kwa ulaini. Kwa hiyo kuna oili ya huko mbele na kuna oili ya gia, sehemu mbili, aina mbili. Wengi wanabadilisha moja wanasahau nyingine. Tafuta anayezijua, si kila anayejua Elf anaijua hiyo.

#40 Gari Jekundu
Kwa faida ya wenye malori makubwa yenye Allison, yale ya zimamoto na baadhi ya madampa: kwenye kile kisanduku cha vitufe bonyeza mshale wa juu na wa chini kwa pamoja, gari ikiwa imesimama tambarare na ina joto lake. Inakuambia yenyewe oili imepungua au imezidi na kwa kiasi gani. Huhitaji kuchafua mkono.

#41 Mchuuzi wa Isyonje
Wakuu mrejesho. Leo nimebadilisha, nimekaa pale pale kwa ushauri wa Bi Ndizi.

Zimetoka lita 4 kasoro kidogo, fundi alizipima kwenye galoni tupu, tukarudisha kiasi kile kile cha T-IV kisha tukapima ikiwa ya moto. Sumaku zilikuwa na tope la kijivu, hakuna kipande cha kumeremeta. Chujio ni la wavu wa chuma, na hapa ndipo nilipoduwaa: lilikuwa na nyuzi za silikoni nyekundu zimejisokota mdomoni. Yaani kuna mtu alishaifungua hii gia boksi zamani, oili haikuwa ile iliyotoka nayo Japani kama nilivyodhani. Chujio limeoshwa na petroli, gasketi mpya, silikoni hakuna. Mfuniko wa rejeta nimenunua pia.

Kutoka ya pili kwenda ya tatu sasa inapita kimya. Rivasi bado naisikilizia, maana leo asubuhi haikuwa na baridi.

#42 Kobe wa Mlima Nyoka
Silikoni! Nilisema mimi.

#43 Hesabu Tu
Hongera. Rudia baada ya wiki mbili tatu, upandishe ile asilimia.

#44 Fundi Karai
Kama alishabadilishiwa zamani basi huu mfano hauhesabiki, haikuwa oili ya tangu kiwandani. Mtaniletea yenye laki mbili isiyoguswa kabisa ndipo tuongee. Subirini baridi ya Juni, rivasi itajibu yenyewe.

#45 Hesabu Tu
Fundi, ikifa utasema oili mpya, ikipona utasema ilishabadilishwa zamani. Wewe hushindwi.

#46 Fundi Karai
Ndiyo maana niko gereji na wewe uko kwenye kikokotoo.

#47 Baridi ya Makete
Mchuuzi usimsikilize, ila weka na kuleni kwenye hiyo rejeta. Mfuniko mpya juu ya maji ya mtoni ni kazi bure.

#48 Canter Mpya Kwangu
Samahani kwa kuchelewa, nimesoma kurasa zote. Mimi nina Canter ya Duonic, ile yenye klachi mbili, inagonga nikiondoka. Inatumia haidroliki gani?

#49 Utingo Mstaafu
Fungua uzi wako mkuu, huu una lumbesa tayari.